Vyaelea, Vimeundwa: Wanafunzi wa India katika Mashindano ya Kimataifa ya Sayansi na Hisabati

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Asimamaye ufuoni akaliona jahazi likikata mawimbi huenda akalistaajabia tanga lake, asiwakumbuke mafundi waliochonga mbao na kuziba nyufa kwa kalafati. Hali ni iyo hiyo mintarafu ya wanafunzi wa India na nishani wanazozizoa katika mashindano ya kimataifa ya sayansi na hisabati. Kila habari za ushindi wao zitangazwapo, huibuka maelezo mepesi kwamba Wahindi wamezaliwa na hesabu damuni. Dai hili husikika hata huku kwetu Afrika Mashariki, ambako jamii zenye asili ya India zimeishi tangu zamani, na wapo wanafunzi wanaolifanya kisingizio cha kukata tamaa: eti hisabati ina wenyewe.

Makala haya yanadhamiria kulitathmini dai hilo. Kwanza tutaeleza mashindano yenyewe, kisha rekodi ya India, namna vikosi vyake vinavyoundwa, na hatimaye yale yanayofichwa na mng'aro wa nishani, likiwemo suala la lugha. Msimamo unaotetewa ni kwamba nishani hizo ni zao la chekeche madhubuti na mafunzo ya makusudi. Hata hivyo, ubora wa chekeche hautuelezi hali ya ghala zima ilikotoka nafaka.

Mashindano Yenyewe

Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ndiyo kongwe zaidi. Ilianzia Rumania mwaka 1959. Ile ya fizikia ilifuata mwaka 1967, ya kemia mwaka 1968, za kompyuta na biolojia zikaja baadaye, mwaka 1989 na 1990. Washiriki ni wanafunzi ambao hawajajiunga na chuo kikuu.

Katika hisabati, kila nchi huwakilishwa na wanafunzi wasiozidi sita. Hufanya mtihani kwa siku mbili, maswali matatu kila siku, kwa muda wa saa nne na nusu. Kila swali lina alama 7, hivyo upeo wa mshindani mmoja ni alama 42 na wa kikosi kizima ni 252. Msomaji na azingatie uwiano huo: saa nne na nusu kwa maswali matatu. Hapa hapatafutwi mwepesi wa kukokotoa. Anayetafutwa ni yule awezaye kukaa na swali moja kwa muda mrefu, akalizungukia, akashindwa, akarudi, na mwishowe akaandika uthibitisho usio na pengo. Fizikia huongeza mtihani wa vitendo, ambapo mwanafunzi hukabidhiwa vifaa na kutakiwa kupima, kuchora grafu na kufasiri matokeo.

Rekodi ya India

India ilishiriki Olimpiadi ya Hisabati kwa mara ya kwanza mwaka 1989, miaka thelathini baada ya mashindano hayo kuanzishwa. Iliingia katika fizikia mwaka 1998, kemia mwaka 1999 na biolojia mwaka 2000. Jiji la Mumbai limekuwa mwenyeji wa mashindano ya hisabati (1996), kemia (2001), biolojia (2008) na fizikia (2015).

Katika sayansi, mavuno yamekuwa mazuri. Mjini Lisbon mwaka 2018, wanafunzi wote watano wa India walitwaa dhahabu katika fizikia. Mwaka 2023, huko Al Ain katika Falme za Kiarabu, wote wanne waliowakilisha nchi katika biolojia walirudi na dhahabu.

Hisabati ndiyo inayotupa funzo kubwa zaidi, kwa kuwa rekodi yake ina mabonde na milima. Mwaka 1998 na 2001 India ilikuwa ya 7 duniani. Mwaka 2012 ilikuwa ya 11. Baada ya hapo iliporomoka, na mwaka 2017 ikawa ya 52. Kuanzia 2013 hadi 2018 haikupata hata nishani moja ya dhahabu. Dhahabu ilirejea mwaka 2019. Mwaka 2023 India ikawa ya 9, na mwaka 2024, mjini Bath nchini Uingereza, ikawa ya 4 kwa dhahabu nne na fedha moja. Ilikuwa na alama 167, moja tu nyuma ya Korea Kusini iliyokuwa ya 3. Mwaka 2025 huko Australia ilipata alama 193 na kuwa ya 7.

Sasa tuwaulize wenye nadharia ya damu: je, damu ya Wahindi ilichujuka mwaka 2013 na kukolea upya mwaka 2019? Ni dhahiri kuwa kilichobadilika katika miaka hiyo hakikuwa maumbile ya watu. Taifa linaloweza kushuka hadi nafasi ya 52 na kupanda hadi ya 4 ndani ya miaka saba linatuonyesha kuwa ushindi huu hujengwa, na usipotunzwa hubomoka.

Chekeche Linavyofanya Kazi

Vikosi vya India husimamiwa na Kituo cha Homi Bhabha cha Elimu ya Sayansi. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1974 jijini Mumbai na ni sehemu ya Taasisi ya Tata ya Utafiti wa Kimsingi. Kwa upande wa hisabati, kazi hiyo hufanywa kwa ushirikiano na Bodi ya Kitaifa ya Hisabati ya Juu, chombo kilicho chini ya Idara ya Nishati ya Atomiki. Kwa hivyo, gharama kubwa hubebwa na serikali.

Mchujo huenda kwa ngazi. Makumi ya maelfu ya wanafunzi hufanya mtihani wa kwanza kote nchini. Waliofaulu huendelea na mtihani wa kimaeneo, kisha wachache hufika katika ule wa kitaifa. Kutoka hapo makumi kadhaa tu hualikwa kambini kwa wiki kadhaa za mafunzo, na mwisho wa yote hubaki sita. Katika sayansi, walimu wenyewe wana mkono wao: mtihani wa kwanza wa fizikia, kwa mfano, huendeshwa na Chama cha Walimu wa Fizikia cha India. Kambi za sayansi huwapa washiriki mafunzo ya maabara, jambo ambalo shule nyingi haziwezi kulimudu. Isitoshe, baadhi ya waliowahi kushiriki hurudi kambini kuwafunza wadogo wao, na kwa njia hiyo ujuzi wa kizazi kimoja huwa mtaji wa kingine.

Mbona basi hisabati ikayumba ilhali fizikia na kemia ziliendelea kung'ara? Sehemu ya jibu imo katika mtihani mwingine kabisa: ule wa kujiunga na Taasisi za Teknolojia za India, ambazo sasa ni 23. Zaidi ya watahiniwa milioni moja hujitosa kila mwaka kuwania nafasi zipatazo 18,000 na ushei. Mtihani huo hutahini fizikia, kemia na hisabati, hivyo anayejiandaa kwa ajili yake hujikuta amelima sehemu kubwa ya shamba la olimpiadi za fizikia na kemia. Hisabati ya olimpiadi ni shamba jingine. Huko hutawala nadharia ya nambari, jiometri ya uthibitisho, na elimu ya kuhesabu michanganyo na mipangilio, ilhali mtihani wa kujiunga na taasisi hizo hutuza jibu sahihi lililopatikana upesi. Kijana mwerevu mwenye miaka kumi na sita hulazimika kuchagua, na mzazi aghalabu humchagulia uhandisi.

Uchaguzi huo una gharama yake. Mji wa Kota katika jimbo la Rajasthan umegeuka kuwa soko kuu la masomo ya ziada, ambako vijana hutoka mbali kuja kukesha na vitabu. Mwaka 2023 pekee, zaidi ya wanafunzi 20 waliokuwa wakisomea huko walijitoa uhai. Takwimu hii haihusu olimpiadi moja kwa moja, lakini hatuwezi kuusifu utamaduni wa mitihani wa India huku tumeifumbia macho.

Ghala Nyuma ya Chekeche

Swali zito zaidi ni hili: je, nishani sita hutueleza nini kuhusu watoto wengine wa India? Mwaka 2010 majimbo mawili, Tamil Nadu na Himachal Pradesh, yalishiriki katika PISA, tathmini ya kimataifa inayopima wanafunzi wa kawaida wenye umri wa miaka 15. Matokeo yalipotangazwa, majimbo hayo yalikuwa karibu na mkia miongoni mwa washiriki 74. Serikali ililalamika kuwa maswali hayakuoana na mazingira ya India, na nchi haikushiriki awamu zilizofuata hadi ile ya 2022.

Tathmini ya nyumbani nayo haikutoa faraja. Tangu mwaka 2005, shirika la Pratham limekuwa likiwatuma watu wa kujitolea vijijini kupima iwapo watoto wanaweza kusoma na kufanya hesabu za kimsingi. Ripoti ya mwaka 2024 ilionyesha kuwa chini ya nusu ya wanafunzi wa darasa la tano waliweza kusoma matini ya darasa la pili. Takriban 31 tu kati ya kila 100 waliweza kugawanya nambari ya tarakimu tatu kwa nambari ya tarakimu moja. Mwaka huo huo wa 2024, vijana sita wa nchi hiyo walikuwa wakiibwaga karibu dunia nzima mjini Bath.

Mambo hayo mawili hayapingani. Nchi yenye zaidi ya watu bilioni 1.4 haikosi vijana sita hodari, mradi chekeche liwafikie. Na hata hilo haliwafikii wote. Vikosi vingi vya hisabati vya India vimekuwa vya wavulana watupu. Si kwamba wasichana hawapo. Walipoundiwa nafasi katika olimpiadi ya hisabati ya wasichana ya Ulaya, ambayo India ilianza kushiriki mwaka 2015, walijitokeza na kushinda nishani.

Kadhia hii inatuhusu moja kwa moja. Tathmini ya Uwezo, iliyoanzishwa mwaka 2009 nchini Kenya, Tanzania na Uganda, iliigwa kutokana na kazi hiyo ya Pratham. Nayo ilifichua kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Yaani, katika yale tuliyojifunza kutoka India kuhusu elimu, lenye manufaa zaidi yamkini halikutoka katika orodha ya washindi.

Suala la Lugha

Kanuni za Olimpiadi ya Hisabati humruhusu mshindani kupewa maswali na kuyajibu kwa lugha anayoichagua. Viongozi wa vikosi ndio huyatafsiri. Vijana wa Japani huandika Kijapani na wa Urusi Kirusi. Wa India, nchi ambayo katiba yake imeorodhesha lugha 22, huandika Kiingereza. Vitabu vya maandalizi na mafunzo ya kambini kwa kiasi kikubwa ni vya Kiingereza pia. Mtoto wa kijijini aliyefunzwa kwa Kitamili au Kibangla hukabiliwa na vikwazo viwili: swali lenyewe na lugha yake.

India yenyewe imewahi kutafuta njia nyingine. Huko Kerala, shirika la Kerala Sasthra Sahitya Parishad limesambaza maarifa ya sayansi kwa Kimalayalam tangu mwaka 1962. Katika wilaya ya Hoshangabad, jimboni Madhya Pradesh, mradi ulioanza mwaka 1972 katika shule 16 uliwafundisha watoto wa vijijini sayansi kwa Kihindi na kwa majaribio ya mikono yao wenyewe. Ulienea hadi mamia ya shule, kisha serikali ya jimbo ikaufunga mwaka 2002. Haukuleta nishani, na kufungwa kwake hakukuipunguzia India nishani hata moja. Waliopoteza hawamo katika orodha yoyote ya washindi.

Kiswahili hakina haja ya kuanzia sifuri. Wanafunzi wa shule za msingi nchini Tanzania wamesoma hisabati kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na istilahi kama namba shufwa, namba witiri na namba tasa si ngeni kwao. Pengo liko juu zaidi, katika lugha ya kuthibitisha na kuhoji, na hiyo ndiyo lugha hasa ya olimpiadi.

Hitimisho

Tumeona kwamba mafanikio ya wanafunzi wa India hayatokani na damu. Yametokana na taasisi za umma zenye ustahimilivu, mchujo wa ngazi kwa ngazi, walimu waliojitolea na washindi wanaorudi kuwafunza wengine. Hayo yanaweza kuigwa. Tumeona vilevile kwamba taifa laweza kushinda nishani huku mamilioni ya watoto wake hawajui kugawanya. Hilo halifai kuigwa.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, changamoto iko bayana. Hatutungi mitihani ya fizikia, wala hatuendeshi kambi za hisabati. Lakini kuandika uthibitisho mmoja wa jiometri kwa Kiswahili sanifu, ukaeleweka na kijana wa kidato cha pili, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa chama chetu. Na tuanze na huo mmoja.