Usingizi wa Kupimwa kwa Mizani

Dawa ya moto ni moto, walinena wahenga. Methali hii ilinijia siku mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne aliponingojea nje ya majilisi na kuniuliza: "Mwalimu, ikiwa madaktari wanataka umeme umtikise mgonjwa, mbona wanamlaza usingizi kwanza?"

Swali lenyewe halikuwa la mtihani. Mama yake alikuwa amelazwa kwa maradhi ya sonona, hali wala hasemi, na daktari alikuwa amependekeza tiba ya umeme. Wajomba walikataa katakata. Mmoja wao alikuwa ametazama filamu ya One Flew Over the Cuckoo's Nest ya mwaka 1975, ambamo mgonjwa anashikiliwa na kupitishwa umeme akiwa macho. Niliona haya, maana sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na leo nawaletea walimu wenzangu na wanafunzi.

Tiba hii ilianzishwa mjini Rome mwaka 1938 na madaktari Ugo Cerletti na Lucio Bini. Umeme hupitishwa kichwani kwa muda mfupi mno ili kuzusha mtukutiko kama wa kifafa, na mtukutiko huo ndio unaoleta nafuu. Siku zile nusukaputi haikutumiwa. Misuli ilikazana kwa nguvu hata mifupa ya uti wa mgongo ikavunjika. Katika miaka ya 1950 ikaanza kutumika suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli kwa dakika chache. Mwili ukatulia, mtukutiko ukabaki ubongoni. Lakini dawa hiyo hulegeza pia misuli ya kupumulia. Aliye macho akidungwa, atajikuta hawezi kuvuta pumzi wala kupiga ukelele. Kwa hivyo usingizi si anasa. Ni ngao ya utu wa mgonjwa. Naye daktari wa nusukaputi humpumulia kwa oksijeni hadi nguvu zimrudie.

Naam, hapo ndipo penye kitendawili. Dawa nyingi za usingizi huzima kifafa. Ukizidisha, mtukutiko hauji au hukatika mapema, na mgonjwa amelazwa bure. Ukipunguza mno, ataamka ilhali mwili umelegea. Methoheksitali imekuwa kipimo cha kulinganishia nyingine kwa miaka mingi, kwa kuwa haiuzuii sana mtukutiko, ila haipatikani kila nchi. Propofoli humwamsha mgonjwa upesi na kutuliza shinikizo la damu, lakini hufupisha mtukutiko. Etomideti huurefusha, ila hudhoofisha kwa muda tezi zilizo juu ya figo. Ketamini nayo haiuzimi sana, lakini hupandisha shinikizo la damu na huweza kumwachia mtu maruweruwe anapozinduka. Aidha, baadhi ya dawa za kutuliza wasiwasi ambazo mgonjwa anameza wodini huuzuia mtukutiko. Almuradi, hakuna dawa moja iliyo bora kwa wote. Mwenye moyo dhaifu si sawa na kijana mwenye afya, na daktari wa akili asiposhauriana na mwenzake wa nusukaputi, kazi ya mmoja huharibu ya mwingine.

Sisemi kwamba tiba hii haina dosari. Huweza kuvuruga kumbukumbu, na familia ina haki ya kuambiwa hivyo waziwazi. Ninachopinga ni kukataa kwa sababu ya picha ya zamani, au kukubali kwa sababu tu daktari amevaa koti jeupe. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba tiba ya umeme bila nusukaputi yafaa ipigwe marufuku. Basi anayetakiwa kutia sahihi na aulize: Mtatumia dawa gani ya usingizi? Kwa nini hiyo? Nani atasimamia pumzi zake?

Nilimwandikia mwanafunzi wangu maswali hayo matatu kwenye karatasi ya daftari akawapelekee wajomba. Uamuzi ulikuwa wao. Lakini walimu wenzangu, ikiwa kemia na biolojia tunazofundisha haziwezi kumsaidia mtoto kuuliza swali kando ya kitanda cha mamaye, je, tunamwandalia mtihani gani?