Je, Muuguzi Angeichagua Tena Kazi Yake?

Ndugu wafanyakazi,

Mwezi uliopita nilimpeleka mkata miwa mwenzetu kwenye zahanati ya shamba, mguu umekatwa na panga. Usiku ule muuguzi alikuwa peke yake, wagonjwa wamejaa hata barazani. Ametumika miaka 22. Alipokwisha kushona nikamwuliza: "Dada, ungeanza upya, ungeichukua tena kazi hii?"

Akajibu: "Ndugu yangu, kutibu watu ningechagua tena. Lakini zamu ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja, hapana."

Majirani zetu wa Kenya walidai haki hiyo. Tarehe 5 Juni 2017 wauguzi wa hospitali za serikali waligoma kudai mkataba wao. Wakarudi kazini Novemba, miezi mitano baadaye. Mwaka 2021 serikali yao ikapatana na Uingereza kupeleka wauguzi huko. Wanaokwenda wanabaki wauguzi vile vile. Wanachotafuta ni masharti bora.

Mgomo ule uliwaumiza zaidi wagonjwa wasio na fedha, yaani watu kama sisi. Basi tukikaa na mwajiri kujadili mkataba, pamoja na mishahara yetu tudai muuguzi wa pili zamu ya usiku.

Umoja ni nguvu.