Mjusi Kafiri na Jamaa Zake: Kutoka Ukuta wa Bweni hadi Msitu wa Kimboza

Lugha tatu tunazozisikia kila siku hapa Guangzhou zimempa mnyama mmoja majina matatu, na hakuna hata moja lisilo na hukumu ndani yake. Waswahili tunamwita mjusi kafiri. Kichina cha taifa kinamwita bihu, yaani simbamarara wa ukutani. Wakantoni, wenyeji wa mji huu, wanamwita jim se, nyoka wa upenuni. Kafiri, simbamarara, nyoka! Mwenyewe ni mjusi mdogo wa urefu wa kidole, anayekaa karibu na taa usiku akisubiri mbu na nondo wajilete.

Ndugu wasomaji, mjusi huyu tunaye sote. Yumo katika ngazi za mabweni yetu, yumo katika migahawa ya Xiaobei, na yumo katika nyumba za babu na bibi zetu kuanzia Lamu mpaka Kigoma. Hata hivyo tunamjua kwa lawama kuliko kwa sifa zake. Katika makala hii tunaieleza familia yake, ambayo wanasayansi wanaiita Gekkonidae, na tutaona kwamba baadhi ya jamaa zake wako katika hatari kubwa, mmoja kule Tanzania na mwingine hapa hapa kusini mwa China.

Lawama zilikotoka

Wengi wetu tumelisikia jina la mjusi kafiri nyumbani kabla ya kulisoma darasani, na pamoja na jina tumesikia kisa chake. Katika mapokeo ya Kiislamu imesimuliwa kwamba Nabii Ibrahimu alipotupwa motoni, mjusi huyu aliupulizia moto ule uzidi kuwaka. Kwa sababu hiyo watoto wengi wa pwani wamekua wakiambiwa kwamba kumwua ni jambo jema.

Wachina nao wana yao. Katika orodha ya viumbe watano wenye sumu wanaotajwa wakati wa Sikukuu ya Mashua za Joka, mjusi huyu mara nyingi huwekwa pamoja na nyoka, nge, tandu na chura. Wapo pia wanaoamini kwamba mkojo wake ni sumu, na kwamba mkia wake ukikatika unaweza kumwingia mtu sikioni. Lakini jina lake la kale, shougong, lina heshima: maana yake ni mlinzi wa kasri.

Ukweli ni kwamba hakuna mjusi yeyote wa familia hii mwenye sumu. Wale wakubwa wanaweza kung'ata kwa nguvu, na kinyesi chao kinaweza kubeba bakteria wa salmonela, kwa hiyo chakula kifunikwe na mikono ioshwe. Zaidi ya hapo hana madhara kwetu. Chakula chake ni mbu, nondo, mchwa, kumbikumbi na mende wadogo.

Nyayo zisizo na gundi

Familia hii ina zaidi ya spishi 1,000, na wengi wao wanaishi katika nchi za joto. Sifa inayowashangaza watu zaidi ni uwezo wa kupanda kioo na kutembea darini kichwa kikiwa chini. Zamani walikuwapo waliodhani kwamba mjusi ana gundi miguuni, na wengine walidhani ananyonya ukuta kama pweza. Si hivyo wala hivyo.

Chini ya vidole vyake kuna mistari ya ngozi, na juu ya mistari hiyo kuna vinyweleo vilivyotengenezwa kwa keratini, aina ya protini inayopatikana pia katika kucha zetu. Mguu mmoja wa mjusi mkubwa wa Asia, Gekko gecko, una vinyweleo vinavyokaribia nusu milioni. Kila kinyweleo hugawanyika katika ncha mamia, na kila ncha ina upana wa takriban nanomita 200. Ncha hizo huukaribia ukuta kiasi kwamba molekuli za mguu na molekuli za ukuta huanza kuvutana. Wanafizikia wanauita mvuto huo nguvu za van der Waals. Kwa ncha moja ni mvuto hafifu mno, lakini haba na haba hujaza kibaba: zikiungana ncha zote, mjusi hubaki ukutani.

Mwaka 2000 Kellar Autumn na wenzake nchini Marekani walipima nguvu ya kinyweleo kimoja tu. Mwaka 2002 wakaonyesha kwamba mjusi hushika vizuri sehemu inayopenda maji na pia ile inayoyakataa, jambo linalothibitisha kwamba hategemei unyevu wala gundi.

Sasa, akiwa ameshika namna hiyo, anaondokaje? Siri iko katika pembe. Mjusi hukunja kidole kuanzia nchani, kama mtu anayebandua utepe wa plasta, na vinyweleo vinaachia bila shida. Hufanya hivyo mara nyingi kwa sekunde moja anapokimbia. Wahandisi wa nchi mbalimbali, China ikiwemo, wanaiga mfumo huu ili kutengeneza utepe usioacha alama na roboti zinazopanda kuta.

Jicho, mkia na yai

Mjusi kafiri hana kope zinazofunga na kufungua. Jicho lake limefunikwa na utando angavu, na likiingia vumbi hulifuta kwa ulimi. Mchana mboni huwa mwanya mwembamba wa wima, na usiku hupanuka sana ili kupokea mwanga mdogo uliopo.

Mkia wake una sehemu maalumu za kukatikia. Paka akiukamata, misuli hujibana na mkia unaachia. Kipande kilichobaki huendelea kurukaruka, paka anashughulika nacho, na mwenye mkia amekwisha kwenda zake. Mwingine humea baada ya wiki kadhaa, ila hauna pingili za mfupa kama wa kwanza. Ndani yake kuna gegedu. Tena hasara si ndogo, kwa kuwa mkia ndio ghala la mafuta ambayo mjusi hutegemea wakati wa njaa.

Jike hutaga kwa kawaida mayai mawili kila mara. Ganda la yai huwa laini linapotoka, kisha hukauka na kuwa gumu, na mara nyingi hunata katika ufa wa ukuta au chini ya gome la mti. Ziko hata spishi zisizohitaji dume. Lepidodactylus lugubris wa visiwa vya Pasifiki karibu wote ni majike, na huzaa majike wenzao bila kupandwa.

Msafiri asiye na pasipoti

Mayai hayo magumu yanaeleza kwa nini mijusi hawa wameenea duniani. Yai likinata katika ubao, gunia au kasha la mizigo, linaweza kuvuka bahari salama. Hemidactylus mabouia, ambaye asili yake ni Afrika, alivuka Atlantiki na kuenea katika nchi za Amerika. Wanasayansi walimpa jina mwaka 1818 kutokana na mijusi wa visiwa vya Karibi, kwa hiyo Mwafrika huyu aliandikishwa kwanza ugenini. Upande wa pili, Hemidactylus frenatus wa Asia amefika pwani ya Afrika Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi. Hapa Guangzhou wanaoonekana sana majumbani ni Hemidactylus bowringii na Gekko chinensis, ambao ni wenyeji wa kusini mwa China.

Samawati ya Kimboza

Si wote wanaopenda kuta zetu. Chini ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, uko msitu mdogo wa Kimboza, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 4 hivi, uliosimama juu ya mawe ya chokaa. Humo anaishi Lygodactylus williamsi, mjusi asiyezidi sentimita 9 pamoja na mkia. Dume ana rangi ya samawati inayong'aa. Jike ana kijani cha shaba. Tofauti na mjusi kafiri, huyu hutembea mchana, na ncha ya mkia wake ina vinyweleo vya kunata kama vya miguuni, hivyo ni kama ana mguu wa tano.

Anaishi juu ya mti mmoja, Pandanus rabaiensis, jamaa wa mkadi ule ambao pwani hutiwa katika kikuba. Uzuri wake ndio uliomponza. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walimtaka, na wakamataji wakaenda Kimboza. Inakadiriwa kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua mijusi zaidi ya 32,000. Mara nyingi waliukata mti mzima ili kumpata mjusi aliye juu yake, kwa hiyo aliyebaki alikosa pa kuishi. Mwaka 2012 spishi hii ilitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kuanzia Januari 2017 imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, na biashara ya kimataifa ya mijusi waliotolewa porini imepigwa marufuku.

Jozi za Qingping

Hapa Guangzhou hatuna haja ya kwenda mbali kuona upande mwingine wa jambo hili. Katika soko la dawa za asili la Qingping, Gekko gecko, ambaye Wachina wanamwita gejie, huuzwa akiwa amekaushwa na kutandazwa kwa vijiti vya mianzi, kwa kawaida wawili wawili, dume na jike. Tiba ya Kichina humtumia kwa pumu, kikohozi na udhaifu wa figo. Nguvu ya dawa inasemekana iko mkiani, kwa hiyo mjusi aliyekatika mkia bei yake hushuka. Mkia ule ule aliopewa autupe ili ajiokoe, sokoni ndio unaomtia thamani.

Gejie amehifadhiwa kisheria nchini China tangu 1989, na mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES zilimwingiza katika Kiambatisho cha Pili, ili biashara yake isimamiwe kwa vibali. Mahitaji yaliongezwa pia na uvumi kwamba anaponya Ukimwi. Hakuna ushahidi wowote wa jambo hilo, na mwaka 2011 serikali ya Ufilipino ilibidi iwaonye wananchi wasiache dawa za hospitali kwa ajili ya mjusi.

Hatusemi haya ili kudharau tiba ya wenyeji wetu. Kwetu pia waganga hutumia wanyama, na biashara iliyouharibu mkadi wa Kimboza ilianzishwa na watu wasiotafuta dawa bali pambo la sebuleni. Tunachosema ni kwamba mnyama anayetaga mayai mawili hawezi kumfikia mnunuzi anayeagiza maelfu.

Kwa hiyo wanachama wenzetu, mkimwona mjusi kafiri bwenini mwacheni aendelee na mbu wake. Mtu akikutangazia mtandaoni mjusi wa samawati kutoka Tanzania, mwulize kibali cha CITES kabla ya kuuliza bei. Na wale watakaokwenda likizo Morogoro, Kimboza iko kando ya barabara ya kuelekea Matombo. Mtembee na mwenyeji, mtazame juu ya mikadi, na mrudi na picha tu. Tutafurahi kuzichapisha hapa.