Mombasa kwa Miguu: Ziara ya Kikundi Si Kupoteza Pesa



Mwisho wa mwaka, vikundi vingi vikigawana akiba, ubishi ni ule ule. Wengine wanataka sufuria, wengine wanataka mbuzi wa maziwa, na wengine wanasema, "Sisi twende Mombasa tukaone bahari." Hapo mweka hazina anakunja uso.

Nimeandamana na vikundi vya Meru na Embu kwenda pwani, na nimeona ziara ikijenga kikundi na nyingine ikikivunja. Ile iliyoharibika tulikodi gari la kutuzungusha siku mbili. Tuliona mji kupitia dirishani. Tuliporudi, shosho mmoja aliyebaki nyumbani akauliza, "Haya, mmeona nini?" Hakuna aliyejibu vizuri. Basi waliobaki wakaanza kuuliza pesa zao zilienda wapi, na mikutano mitatu ikaishia kwa maneno makali.

Safari iliyofuata tulitembea kwa miguu. Pesa zilitumika kidogo, na masimulizi yakawa mengi.

KWA NINI MIGUU?

Mji wa Kale wa Mombasa ulijengwa kwa ajili ya watu wa miguu, punda na mikokoteni. Vichochoro vyake ni vyembamba. Wenyeji walikuwa na sababu: nyumba zikikaribiana zinatiana kivuli, na upepo wa bahari unapita katikati. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Milango mikubwa imechongwa kwa mkono, na juu kuna roshani za mbao. Mambo haya hayaonekani ukiwa ndani ya gari. Tena kupita barabarani ni bure.

KABLA YA KUONDOKA

1. Kila mtu abebe kitambulisho. Katika makumbusho ya taifa, raia hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni. Ulizeni ada mapema. Siku hizi malipo mengi hupitia kwenye simu, kwa hivyo mweka hazina asiende na simu isiyo na chaji.

2. Vaeni viatu vilivyozoeleka. Mama mmoja wetu alivaa viatu vipya vya kanisani, na kufika saa nne alikuwa anavibeba mkononi.

3. Sisi wa mlimani hatujazoea joto lile. Tembeeni saa moja hadi saa nne asubuhi, mpumzike, kisha muendelee kuanzia saa kumi jioni. Maji yasikose.

4. Mkitaka mtu wa kuwaongoza, patana naye bei kabla ya hatua ya kwanza. Mara moja sisi tulisema "tutaelewana mbele," na pesa ya chai ya kikundi ikaishia hapo.

NJIA YA KUFUATA

Siku ya kwanza anzieni Moi Avenue, penye zile Pembe za Ndovu. Hizo ni za alumini, si pembe za kweli, na ziliwekwa miaka ya 1950 kwa heshima ya wageni wa ukoo wa kifalme wa Uingereza. Nyoosheni hadi Digo Road, mtafute Marikiti. Soko hilo lilifunguliwa mwaka 1914 kwa jina la Mackinnon. Hapo kuna viungo, matunda na nafaka. Msipite tu. Mwanakikundi mmoja aliuliza bei ya ndengu, akalinganisha na ile anayopewa na mnunuzi anayekuja kwake shambani. Alinyamaza kidogo, halafu akaitoa kalamu. Karibu na hapo ni Biashara Street, mtaa wa leso na kanga.

Jioni ingieni Mji wa Kale. Fuateni Ndia Kuu, moja ya barabara za zamani sana mjini. Tazameni msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe, ambao husemwa ulijengwa karibu mwaka 1570. Shukeni hadi bandari ya zamani, mahali majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yalipotia nanga, yakileta mazulia, tende na vyombo, na kuondoka na pembe za ndovu, mikoko na nafaka. Yalibeba pia watumwa. Tulipofika hapo tulikaa kimya kidogo, bila kuambiwa na mtu.

Siku ya pili asubuhi nendeni Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Oman waliizingira kuanzia mwaka 1696, na ikaanguka Desemba 1698, baada ya karibu miaka mitatu. Waliokuwa ndani walimalizwa na njaa na magonjwa kuliko risasi. Meli ya Wareno iliyokuja kuwaokoa, Santo Antonio de Tanna, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na vitu vilivyotolewa baharini vimo ndani ya makumbusho. Kutoka 1895 hadi 1958 serikali ya kikoloni iliifanya gereza. Mwaka 2011 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia.

Nguvu zikibaki, pandeni matatu hadi Kengeleni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Mtaa umepata jina kutokana na kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani.

ADABU YA MGENI

Mji wa Kale ni nyumbani kwa watu. Mzee ukimkuta barazani, mwambie "Shikamoo," naye ataitikia "Marahaba." Sisi wa bara tumezoea kusema "Leta maji!" Pale sema, "Naomba maji, tafadhali." Usimpige mtu picha bila ruhusa. Msikitini usiingie bila kukaribishwa. Akina mama wajifunge leso, na vijana waache kaptura. Tulipofanya hivyo, mzee mmoja alitukaribisha kahawa chungu na kutueleza mlango wake ulivyochongwa. Hakutuomba hata senti.

SISI NA PWANI

Msidhani historia hii ni ya wengine. Wazee wa Meru husimulia kwamba mababu walikaa Mbwaa, kisiwa cha pwani, wakiteswa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, hadi wakatoroka. Kuna wanaosema Mbwaa ilikuwa Manda, upande wa Lamu. Mzee mmoja wa kikundi chetu alisimama juu ya ukuta wa ngome, akatazama maji, akasema, "Kumbe baba yangu hakuwa anatunga hadithi."

Usiku ule tuliulizana: watu wa Mombasa wametunza milango na kuta, sisi tumetunza nini? Iko nyumba ya Njuri Ncheke pale Nchiru. Yako Makumbusho ya Meru, katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya D.C. Kwa Waembu uko msitu wa Mwenendega karibu na Runyenjes. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kufika hata pamoja, na ni nauli ya matatu tu.

MKIRUDI

Kabla ya safari, chagueni watu watatu wa kuandika: mmoja aandike bei za soko, mmoja historia, na mmoja kila shilingi iliyotumika. Mkutano wa kwanza baada ya safari uwe wa waliobaki. Wao ndio wakae mbele na kuuliza maswali. Ziara iliyolipwa na wote lazima iwafikie wote.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ziara yetu ya mwisho ilituletea nini? Aliyebaki nyumbani alipata nini?
2. Ni mahali gani pa kale hapa kwetu ambapo watoto wetu hawapajui?
3. Ni mzee gani tunaweza kumwomba atembee nasi huko, kabla hajatuacha?