Kinga na Kinga: Akina Mama wa Kilwa na Kazi ya Bima

Kazi ya bima ya bahari, kama ijulikanavyo ulimwenguni leo, ililelewa barazani penye kahawa. Mwishoni mwa karne ya 17, mjini London, manahodha, wenye merikebu na wafanyabiashara walizoea kukutana katika mgahawa wa Edward Lloyd. Hapo walipeana habari za safari, na hapo matajiri walitia majina yao chini ya hati, kila mmoja akikubali kubeba sehemu ya hasara iwapo chombo kitazama. Kutokana na baraza hiyo likazaliwa soko la bima la Lloyd's, ambalo lingali hai. Lakini baraza ile ilikuwa ya wanaume. Zilipita karibu karne tatu, hata mwaka 1973, ndipo mwanamke, Liliana Archibald, alipokubaliwa kufanya udalali wa bima katika soko hilo. Na ilikuwa mwaka 2014 ndipo mwanamke mwingine, Inga Beale, alipokuwa mkuu wake wa kwanza wa kike.

Sisi wa pwani ya Kilwa na Lindi twaijua vyema baraza ya kahawa. Iko Kivinje, iko Masoko, iko Lindi mjini na Mchinga, nayo haina nafasi ya mwanamke. Hata hivyo itakuwa makosa kudhani kwamba akina mama wetu hawakupata pa kuzungumzia hasara na namna ya kuigawana. Wao wana baraza yao, nayo haina kahawa, ina sanduku.

Ndugu msomaji aliyepata kuhudhuria kikao cha kikundi cha akina mama atakuwa amejionea mwenyewe. Wanachama hukaa kwa duara. Sanduku huletwa likiwa na kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na watu watatu ambao si viongozi wa fedha, ili asiweze mmoja kulifungua peke yake. Kila mwanachama hununua hisa zake, kisha hutoa fedha kidogo, zilizo sawa kwa wote, kwa ajili ya mfuko wa jamii. Fedha hizo huhesabiwa kwa sauti mbele ya kila mtu na kuwekwa mbali na za hisa. Mwanachama akifiwa, akilazwa hospitali, au nyumba yake ikiungua, mfuko wa jamii humpa kiasi kilichoandikwa katika katiba ya kikundi. Fedha hiyo si mkopo wala si sadaka. Ni haki yake, kwa kuwa alichangia kabla ya msiba kumfika.

Muundo huu wa benki za jamii vijijini, ambazo wengi huziita VICOBA, ulienea nchini kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi vya aina hiyo katika daraja la nne la watoa huduma. Ila roho yake ni ya zamani zaidi. Ni roho ya upatu na ya chama cha kufa na kuzikana, ambavyo bibi zetu walikuwa navyo kabla ya neno bima halijaandikwa katika kamusi yoyote. Kwa hakika, ukiuchunguza mfuko wa jamii utaona ndani yake mambo yote ambayo bima huyahitaji: mchango unaotangulia hasara, kanuni inayojulikana na wote, kumbukumbu ya maandishi, na uaminifu. Kwa hiyo anayesema kwamba akina mama wa visiwani hawaijui bima hajawahi kuketi nao.

Lakini yafaa tuseme kweli: mfuko huo una mpaka wake. Watu 30 wanaweza kumbeba mmoja aliyefiwa. Hawawezi kubebana wote wakiwa wameanguka siku moja. Tarehe 4 Mei, 2024, kimbunga Hidaya kilifika nchi kavu huko Mafia, na mvua zake zikaiangukia Kilwa. Barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika sehemu za Somanga, na mikoa ya kusini ikatengwa kwa siku kadhaa kama enzi zile kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Wala si jambo geni kwetu, kwani wazee wa Lindi hawakusahau kimbunga cha Aprili 1952. Siku kama hizo hasara haichagui mtu. Kamba za mwani hung'oka pamoja na mambo yake, vyombo huvunjika ufukweni, ufuta hulala shambani, na pweza hawapatikani kwa kuwa bahari imechafuka. Jirani wa kumsaidia jirani naye amepatwa. Sanduku lenye kufuli tatu hufunguliwa mara moja tu, na huwa tupu.

Hapo ndipo ilipo kazi ya bima kubwa. Kampuni ya bima hukusanya ada kwa mkulima wa Kilwa, mfugaji wa Manyara na mwenye duka wa Mwanza, ili siku upepo unapoipiga pwani, bara iwe salama na iweze kulipa. Kampuni nayo hujikinga kwa kampuni nyingine kubwa zaidi, jambo liitwalo bima mtawanyo, hata hasara ya kijiji kimoja ikawa imesambazwa katika nchi nyingi. Hesabu yake ni ileile ya duara la akina mama, ila duara limepanuliwa.

Duara hilo kubwa halijatufikia bado. Nchini kwetu Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 likabaki peke yake katika kazi hiyo Tanzania Bara. Zanzibar ikaanzisha shirika lake mwaka 1969. Sheria ya mwaka 1996 ilifungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi, na sheria ya mwaka 2009 ikaiweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Makampuni yameongezeka, lakini ada zote za bima kwa mwaka zimekuwa zikizunguka kiasi cha asilimia 2 ya pato la taifa. Kwa wengi wetu bima ni stika ya gari, bima ndogo inayokatwa kwa kumwogopa askari wa barabarani. Na mtu asiye na gari, mwenye ngalawa au shamba la mwani, huona kwamba jambo hilo halimhusu.

Tunaamini kwamba atakayelipanua duara hilo hapa kwetu ni mwanamke wa hapa hapa, mwenye cheti cha kazi ya bima mkononi. Hatusemi hivyo kwa kuwaonea akina mama huruma. Tunasema kwa kuitazama kazi yenyewe.

Chukua mfano wa mwani. Ofisa aliyeketi Dar es Salaam atawezaje kukadiria thamani ya shamba lililo chini ya maji, linaloonekana wakati wa bamvua tu? Mama wa Songosongo aliyelima mwani ajua mwenzake ana kamba ngapi, na kama mbegu ni mwani mwembamba au mwani mnene. Ajua kwamba mnene una bei nzuri zaidi lakini hufa maji yanapopata joto. Ajua mavuno yalikuwa yamebakiza wiki ngapi. Anaweza kupambanua kamba iliyokatwa na dhoruba na kamba iliyooza kwa kutotunzwa. Ujuzi huo ndio hasa ujuzi wa mkadiriaji wa hasara. Pungufu lake ni cheti, usajili na mtu wa kumshika mkono. Mwaka 2023 makampuni ya bima nchini yaliungana katika mpango mmoja wa bima ya kilimo. Mpango wa namna hiyo hautafika ufukweni pasipo watu wa aina hii.

Na njia ya kazi hiyo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Ngazi ya kwanza ni uwakala: kuwaelimisha watu, kuwaandikisha kwa niaba ya kampuni na kupata kamisheni. Sheria yataka wakala asajiliwe na Mamlaka, naye sharti awe ameisoma kazi yake. Juu yake yuko dalali, ambaye humsimamia mteja na kumtafutia kampuni inayomfaa. Kuna wakadiriaji wa hasara, wapima hatari, wanasheria, wahasibu na watakwimu bima. Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoanzishwa mwaka 1972, hufundisha masomo ya bima hadi shahada. Wanawake wa nchi yetu wamekwisha kupanda ngazi hizo mpaka juu. Margaret Ikongo alipata kuliongoza Shirika la Bima la Taifa, na Khadija Said akashika cheo cha Naibu Kamishna wa Bima. Nje ya mipaka yetu, Hope Murera ameongoza ZEP-RE, shirika la bima mtawanyo la nchi za COMESA lenye makao yake Nairobi.

Majina hayo yatupa fahari, lakini fahari peke yake haimvushi binti wa Kilwa Kisiwani. Huyo anayo maswali yake. Nani atanionyesha namna ya kujaza fomu? Nauli ya kwenda kufanya mtihani nitaipata wapi? Mtoto nitamwacha na nani? Na mwanamume aliyezoea baraza, atanisikiliza nikimwambia jahazi lake likatiwe bima? Maswali hayo hayajibiwi na mtu mmoja. Hujibiwa na kikundi. Kikundi kiwezacho kuzika na kuuguza kinaweza pia kusomesha. Kinaweza kuchagua wanachama wawili wenye kujua kuandika na kuhesabu, kuwalipia ada ya mafunzo kutoka faida ya hisa, kulea watoto wao kwa wiki chache, na kuwa wateja wao wa kwanza watakaporudi. Nao waliorudi na cheti wawe na wajibu wa kumfundisha wa tatu na wa nne. Kadhalika wanawake walio katika ofisi za bima Lindi, Mtwara na Dar es Salaam wasione haya kumchukua binti wa pwani, akae pembeni yao, aone hati inavyoandikwa na dai linavyofuatiliwa. Aliyekwisha kupanda akiivuta ngazi nyuma yake, atabaki juu peke yake.

Tunajua kwamba watu wana hofu, nayo haikutoka hewani. Wako waliolipa ada na wasione fidia. Wako waliotia sahihi karatasi wasizozielewa. Wakala mwaminifu atawaeleza mapema mambo ambayo wengine huyaficha: kwamba hakuna kinga kabla ada haijalipwa, kwamba ada ikishapokelewa lazima risiti na hati zitolewe, kwamba mkataba una mambo unayoyalipia na mambo usiyoyalipia, na kwamba mwenye malalamiko anayo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ya kumkimbilia. Wako pia Waislamu wengi wa pwani yetu wanaojiuliza juu ya riba na mashaka ya mkataba. Kwao kuna takaful, ambayo wachangiaji hutoa michango kwa nia ya kusaidiana na mfuko ukawa wao wenyewe. Mwanamke aliyezoea mfuko wa jamii hatahitaji maelezo marefu kuifahamu, wala kumfahamisha mumewe.

Kwa viongozi wa serikali tunayo machache ya kusema. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na katika hiyo asilimia 4 ni ya wanawake. Yafaa sehemu ya mikopo hiyo iweze kuwagharamia akina mama mafunzo na usajili wa uwakala, na si kununua mashine za kushonea tu. Pili, mafunzo na mitihani ifike Kilwa Masoko na Lindi, maana safari ya Dar es Salaam ni gharama inayowazuia wengi kabla hata hawajajaribu. Tatu, ada za bima zikusanywe kwa majira ya pwani: minada ya ufuta katikati ya mwaka na ya korosho mwishoni mwake, wakati fedha ziko mkononi. Nne, mikataba iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itahitaji watu wengi wa kuandikisha kaya vijijini na visiwani, kazi hiyo isipewe wageni wasiojua hata saa ya maji kupwa.

Dhoruba nyingine itakuja. Bahari haikuwahi kutuahidi vinginevyo. Ikija, kijiji kimoja kitafungua sanduku na kukuta halitoshi. Kijiji jirani, chenye mama mmoja aliyesomeshwa na wenzake, kitakuwa na orodha ya kamba na vyombo, hati zilizolipiwa, na mtu anayejua apeleke dai wapi. Tofauti ya vijiji hivyo viwili inaanza kutengenezwa sasa, katika vikao vya wiki hii. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Akina mama wetu wanazo kinga mkononi, wamezishika siku nyingi. Wenye moto wa elimu na madaraka wasogee karibu.