Kichina ni lugha moja ao nyingi? Mtu wa Beijing anaweza kufika Guangzhou asielewe kitu

Asubuhi, katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma na Uvira, mama anatayarisha chai. Mtoto wake akifika kwenye masomo, mwalimu anamfundisha kuandika kinywaji kilekile kwa Kifaransa: «thé». Maneno yote mawili yametoka China. Lakini hayakutoka kwa watu wanaosema namna moja.

Kaskazini mwa China, na hata Guangzhou upande wa kusini, majani hayo yanaitwa «cha». Neno hilo lilisafiri kwa njia ya inchi kavu mpaka kwa Wapersia, likawa «chai», na baadaye likaingia katika Kiswahili. Katika bandari za jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China, watu wanasema «te». Waholanzi waliopata chai kutoka kwa watu wa Fujian katika karne ya 17 walipeleka neno hilo Ulaya, na Wafaransa wakaandika «thé». Nchini China kwenyewe, «cha» na «te» zinaandikwa kwa alama moja tu.

Kwa hiyo, tunaposema «Kichina», tunasema juu ya lugha gani?

Ndugu wasioelewana

Wachina wanatumia neno «fangyan», maana yake usemi wa mahali. Si jambo jipya kwao. Karibu miaka 2000 iliyopita, mtaalamu Yang Xiong alikusanya maneno ya sehemu mbalimbali za ufalme katika kitabu kilichoitwa Fangyan.

Kwa kawaida wataalamu wanagawa semi hizo katika makundi saba makubwa. La kwanza ni Kimandarini, kinachosemwa na karibu Wachina saba kati ya kumi, tangu Harbin kaskazini mpaka Kunming kusini-magharibi. Kisha kuna kundi la Wu, upande wa Shanghai. Yue, ambalo tunalifahamu zaidi kwa jina la Kikantoni, Guangzhou na Hong Kong. Min, katika Fujian, Taiwan na kisiwa cha Hainan. Xiang katika Hunan. Gan katika Jiangxi. Na Hakka, lililosambaa katika milima ya kusini. Wataalamu wengine wanahesabu makundi kumi.

Kwa nini kusini kuna tofauti nyingi kuliko kaskazini? Sababu moja ni ardhi. Kaskazini ni tambarare kubwa. Watu, majeshi na biashara vilipita bila shida, na lugha ikapita navyo. Kusini ni milima na mabonde, na kijiji kiliweza kukaa muda mrefu bila kuchanganyika sana na jirani. Sababu nyingine ni uhamaji. Watu walikimbia vita na njaa kaskazini, wakashuka kusini kwa mafungu, kila fungu na usemi wa wakati wake. Jina Hakka lenyewe lina maana ya jamaa za wageni.

Tofauti hizo si kama ile ya Kiswahili cha Lubumbashi na cha Unguja. Mtu wa Lubumbashi na mtu wa Unguja watachekana kidogo juu ya matamshi, lakini watauziana samaki na kuagana vizuri. Mfano wa karibu zaidi ni Kiswahili, Lingala na Tshiluba. Sisi tunasema «mtu», wengine wanasema «moto», wengine «muntu». Undugu unaonekana wazi. Hata hivyo, anayejua moja tu hawezi kufuata mazungumzo ya nyingine. Mtu wa Beijing na mtu wa Guangzhou, kila mmoja akishika usemi wake, wako katika hali hiyo.

Kununua ao kuuza?

Wafanyabiashara Wakongomani wanaokwenda Guangzhou kutafuta nguo, telefoni na vifaa vya nyumba wanaweza kukutana na jambo hili siku ya kwanza. Aliyejifunza Kimandarini anauliza bei: «duoshao qian?» Mwenye duka anamwelewa na kumjibu. Kisha anageuka na kumwuliza mwenzake kwa Kikantoni, ambapo «bei gani» ni «gei do chin». Mgeni hashiki tena kitu.

Hesabu nayo inabadilika. Nane kwa Kimandarini ni «ba». Kwa Kikantoni ni «baat». Kumi ni «shi» kule na «sap» huku. Kikantoni kimehifadhi sauti za mwisho kama p, t na k ambazo Kichina cha zamani kilikuwa nazo, lakini Kimandarini kimezipoteza.

Halafu kuna mlio wa sauti, yaani toni. Katika Kiswahili, sauti ikipanda ao ikishuka, neno halibadiliki. Lakini anayejua Lingala anafahamu kwamba «moto» likisemwa kwa sauti ya chini ni mtu, na mwanzo wake ukipandishwa ni moto unaochoma. Kichina chote kinakwenda kwa njia hiyo. Kimandarini kina toni nne. Neno «mai» likisemwa kwa toni ya tatu, inayokwenda chini, ni kununua. Kwa toni ya nne, inayoanguka kutoka juu, ni kuuza. Kikantoni kina toni sita, na usemi wa Fujian unaoitwa Kihokkien una saba. Aliyezoesha sikio lake kwa toni nne anaanza kazi upya.

Hata neno likiwa lilelile, maana inaweza kuhama. Alama moja ambayo mtu wa Beijing anaisoma «zou», na kwake ni kutembea ao kuondoka, mtu wa Guangzhou anaisoma «jau», na kwake ni kukimbia.

Maandishi yanayowaunganisha

Kitu kinachowashika pamoja ni maandishi. Alama za Kichina hazionyeshi matamshi kama herufi zetu. Ni kama tarakimu 8: Mfaransa anasoma «huit», sisi tunasoma «nane», na hesabu inabaki ileile. Ndiyo maana vipindi vingi vya televisheni ya China vina maandishi chini ya picha, na watu wawili wasioelewana kwa mdomo wanaweza kusoma gazeti moja.

Lakini gazeti hilo limeandikwa kwa maneno na mpangilio wa Kimandarini. Mtoto wa Hong Kong anayesema Kikantoni nyumbani anajifunza kuandika namna ambayo hasemi. Akimwandikia rafiki yake ujumbe kwa Kikantoni chenyewe, anatumia alama nyingine ambazo msomaji wa Beijing hazifahamu vizuri.

Lugha ya taifa na bei yake

Mwaka wa 1956, serikali ya China iliamuru Kichina sanifu, «putonghua», maana yake lugha ya wote, kifundishwe katika inchi nzima. Matamshi yake yanafuata Beijing. Jambo la kushangaza ni kwamba viongozi wenyewe hawakukisema vizuri: Mao Zedong alibaki na matamshi ya Hunan, na Deng Xiaoping na yale ya Sichuan mpaka uzeeni. Sheria juu ya lugha ya taifa ilipitishwa mwaka wa 2000, ikaanza kutumika Januari 2001.

Kazi hiyo imefaulu. Karibu mwaka wa 2000, hesabu za serikali zilionyesha kwamba nusu ya wananchi na zaidi kidogo, asilimia 53, waliweza kusema putonghua. Mwaka wa 2020 walikuwa asilimia 80. Faida yake ni wazi. Kijana wa kijiji cha Sichuan anaweza kutafuta kazi Shanghai, na mgonjwa anaweza kujieleza mbele ya daktari aliyetoka mbali. Bila lugha ya pamoja, inchi yenye watu zaidi ya bilioni moja ingesikilizana namna gani?

Lakini kuna upande mwingine. Katika masomo mengi kulibandikwa matangazo ya kuomba watoto waseme putonghua. Mtoto anayesikia kila siku kwamba lugha safi ni ile ya darasani anaanza kuionea haya ile ya jikoni.

Mwezi wa saba 2010, wakaaji wa Guangzhou walionyesha kwamba jambo hili linawagusa. Kamati ya ushauri ya mji ilipendekeza televisheni ya mji iongeze Kimandarini mahali pa Kikantoni, kabla ya Michezo ya Asia iliyofanyika huko mwaka huo. Mamia ya watu, wengi wao vijana, walitoka barabarani kutetea lugha yao, jambo lisilo la kawaida nchini China. Pendekezo hilo halikutekelezwa.

Singapore, ambako Wachina wengi wana asili ya Fujian na Guangdong, ilikwenda mbali zaidi. Mwaka wa 1979, waziri mkuu Lee Kuan Yew alianzisha kampeni ya kuwahimiza Wachina waache semi zao na kusema Kimandarini. Vipindi vya Kihokkien na Kikantoni viliondolewa polepole kwenye redio na televisheni. Leo familia nyingi zina bibi anayesema Kihokkien na mjukuu anayesema Kiingereza na Kimandarini, na mazungumzo yao yanaishia kwenye maneno ya chakula. Mwaka wa 2016 serikali hiyohiyo ilitengeneza mchezo wa televisheni kwa Kihokkien, kwa sababu ilitaka wazee waelewe misaada waliyotayarishiwa.

Shanghai pia kuna dalili za kurudi nyuma na kutafuta kilichoachwa. Mchezo wa televisheni «Blossoms Shanghai» wa Wong Kar-wai, ulioanza kuonyeshwa mwishoni mwa 2023, ulitolewa pia kwa usemi wa Shanghai, na watu wengi waliufuata.

Kwetu Kongo kuna lugha nne za taifa, Kifaransa juu yake, na vilugha vingi chini yake. Katika miji ya Kivu kuna watoto wanaosema Kiswahili na Kifaransa bila shida, lakini wakipelekwa kijijini wakati wa likizo wanahitaji mtu wa kuwatafsiria maneno ya nyanya yao. Wachina walifikiri jambo hilo haliwezi kuwapata, kwa kuwa lugha zao zilikuwa na watu mamilioni. Watu wanaosema semi za Wu pekee ni zaidi ya milioni 70, na bado wazazi wa Shanghai wanalalamika kwamba watoto wanaelewa lakini hawajibu.