Je, Wajua? Kutoka Misitu ya Fizi hadi Msitu Unaoishi Majini

Maji ya Ziwa Tanganyika yanayopiga ufuko wa mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, yako safarini. Yameshuka kutoka milimani, yatatafuta njia ya kutokea ziwani, na mengine yatapita kando ya mojawapo ya misitu mikubwa ya kinamasi duniani. Tuyafuate.

MILIMANI

1. Je, wajua kwamba eneo la Fizi lina sekta nne, yaani Tanganyika, Mutambala, Ngandja na Lulenge? Ndani yake mna ufuko, mabonde ya mpunga na michikichi, na misitu ya milimani yenye baridi.

2. Je, wajua kwamba milima ya Itombwe inapanda hadi mita 3,475, na kwamba aina zaidi ya 500 za ndege zimeonekana huko? Mmoja wao ni bundi aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 1951. Hawakumshika tena mwingine hadi mwaka 1996.

3. Je, wajua kwamba kuna chura wa rangi ya dhahabu anayeishi katika nyasi zenye unyevu za Itombwe na si penginepo duniani? Baada ya miaka ya 1950 watafiti hawakumwona tena hadi mwaka 2011.

4. Je, wajua kwamba upande wa kusini, msitu wa Misotshi-Kabobo unaanzia karibu na ziwa na kupanda hadi mita zipatazo 2,700? Mwanzoni mwa mwaka 2007 watafiti waliingia humo baada ya miongo mingi ya kutofikika. Walitoka na aina sita za wanyama wasiokuwa wakijulikana kwa sayansi: popo mmoja, panya mmoja, virukanjia wawili na vyura wawili. Msitu uliotupa hayo katika msimu mmoja tu haustahili kugeuzwa makaa.

5. Je, wajua kwamba mti wa mlimani humlinda samaki wa ziwani? Mizizi hushika udongo, na majani hupunguza kishindo cha mvua. Mlima ukibaki uchi, tope hushuka na kufunika mawe ambako samaki wadogo hula mwani wa kijani na kuficha watoto wao. Watu nao huumia: Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira, ukabomoa nyumba na kuua makumi ya watu.

ZIWANI

6. Je, wajua kwamba Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na duniani linazidiwa na ziwa Baikal la Urusi peke yake? Limebeba karibu sehemu moja ya sita ya maji yote yasiyo na chumvi na yasiyoganda yaliyo juu ya ardhi.

7. Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya kina hicho haina samaki hata mmoja? Chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni. Ndakala na mikebuka wote wanaouzwa Baraka hutoka katika tabaka la juu. Ziwa ni kubwa, lakini sehemu inayotulisha ni nyembamba.

8. Je, wajua kwamba wasafiri Burton na Speke, walipopita mwaka 1858 wakielekea Uvira, waliidhani Ubwari kuwa kisiwa? Ni rasi iliyoshikana na nchi kavu, na ghuba iliyo kati yake na Baraka hadi leo huandikwa kwenye ramani kwa jina la Burton.

9. Je, wajua kwamba matete na mafunjo ya kwenye midomo ya mito ni chujio na pia kitalu? Hupunguza kasi ya maji, hunasa tope, na huwapa samaki wachanga mahali pa kujificha. Anayeyachoma ili apate shamba la msimu mmoja huwapokonya wavuvi samaki wa miaka ijayo.

10. Je, wajua kwamba ziwa hili limewahi kumeza miti iliyosimama? Msafiri Stanley aliporudi Ujiji, ng'ambo ya ziwa, mwaka 1876, miti aliyoiona sokoni mwaka 1871 ilikuwa imeingia majini. Mto Lukuga, unaotoa maji ziwani, ulikuwa umezibwa kwa tope na mafunjo. Miaka miwili hivi baadaye maji yalivunja kizuizi, na ziwa likashuka kwa takriban mita 10 katika miongo iliyofuata.

11. Je, wajua kwamba maji yalipanda tena kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tena mwaka 2024, yakaingia majumbani Uvira, Baraka na Kalemie? Ufuko ni mali ya ziwa, hata linapokaa mbali kwa miaka mingi. Nyumba ijengwe juu.

MTO NA MSITU WA MAJINI

12. Je, wajua kwamba Lukuga, pale Kalemie, ndio mlango pekee wa kutokea ziwani? Maji mengi zaidi hupaa kwa jua. Yanayobaki huingia Lualaba, hupita Kongolo na Kindu, hufika Kisangani, kisha Mbandaka karibu na mstari wa ikweta.

13. Je, wajua kwamba karibu na Mbandaka kuna ardhioevu ya Tumba-Ngiri-Maindombe, iliyoandikishwa mwaka 2008 chini ya Mkataba wa Ramsar? Ina kilomita za mraba zaidi ya 65,000, zaidi ya mara mbili ya nchi ya Burundi. Msimu wa mafuriko, mtumbwi hupita kati ya mashina ya miti, juu ya maji meusi kama chai ya rangi kwa sababu ya majani yaliyolowa.

14. Je, wajua kwamba kwenye vinamasi vya bonde la mto Kongo majani na matawi yaliyoanguka hayaozi yakaisha? Udongo uliojaa maji hauna oksijeni, hivyo mabaki hulundikana na kuwa udongo mweusi uitwao peti. Mwanzo wa peti hiyo ni si chini ya miaka ipatayo 17,500 iliyopita, kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi yetu.

15. Je, wajua kwamba mwaka 2017 watafiti walitangaza kuwa peti ya Kongo zote mbili imefungia takriban tani bilioni 30 za kaboni? Ni sawa na moshi wa mafuta na makaa ya mawe ya dunia nzima kwa miaka mitatu hivi. Ikikaushwa kwa mifereji, kaboni hiyo itapanda angani, na mkulima wa Fizi atalipa kwa mvua zisizotabirika.

UKITAKA KUTEMBEA

16. Je, wajua kwamba ardhioevu iliyohifadhiwa iliyo karibu zaidi na ncha ya kaskazini ya ziwa ni Hifadhi ya Rusizi, Burundi, yenye viboko na mamba? Huko, na katika hifadhi za jirani za Kongo zinazosimamiwa na ICCN, taasisi ya serikali ya hifadhi, nenda kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Ulizia usalama kwanza, chukua mwongozaji wa hapo, na usiache taka.

17. Je, wajua kwamba Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006 bila wenyeji kushirikishwa vya kutosha, nao wakapinga? Vijiji vilichora ramani za mashamba yao, makaburi na maeneo ya mila, na mwaka 2016 mipaka mipya ikakubaliwa. Hilo ndilo somo kubwa kuliko yote hapa: hifadhi husimama pale mwenye msitu anapoketi mezani tangu siku ya kwanza. Wenye matete ya Baraka na misitu ya Fizi nao waitwe mezani, na waitwe mapema.